Jicho Moja Kabla ya Daraja

Mto uliokata mji wetu haukuwa na jina, kwa sababu kila aliyejaribu kuuita alijikuta ametaja jina la mtu anayempenda. Upande huu tulikuwa sisi, wenye ofisi, hospitali na maduka ya vitambaa. Upande wa pili walikuwa wenye mashamba na watoto wengi. Katikati yalipita maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na juu ya maji palikuwa na daraja lililokuwa likijengwa tangu kabla sijazaliwa, na ambalo hata hivyo lilianza kujengwa mwaka ule mjukuu wangu Mwanaidi alipopata kazi ya uhandisi katika Idara ya Ujenzi. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Katika mji wetu siku hazikupanga foleni. Jana iliweza kubisha hodi na kuketi kabla leo haijainuka, nasi tuliikaribisha, tukaongeza maji kwenye birika.

Mimi nilikuwa bibi. Hilo peke yake halikubadilika. Naambiwa niliwahi kuwa msichana, na niliwahi kuwa mke wa mtu, lakini nikijitazama ndani namkuta bibi tu, kakaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Macho yangu yote mawili yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, ule watu wanaouita mtoto wa jicho, nami nilimbeba mtoto huyo kama nilivyowabeba wengine, bila kumlaumu. Mchele niliuchambua kwa vidole. Watu niliwajua kwa namna wanavyovua viatu mlangoni. Yupo anayevirusha, yupo anayevipanga, yupo anayesimama kwanza akijiuliza kama soksi zake zimetoboka.

Kuna swali moja ambalo nimeishi nalo kama mtu anavyoishi na mpangaji wa chumba cha uani. Mkono unaotoa unabakisha nini ndani ya mkono unaopokea? Siliulizi kwa hasira. Naliuliza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto aliyelala.

Mgeni alikuja asubuhi. Tulimwita Mgeni, kwa kuwa jina lake halikukaa vinywani mwetu. Kampuni yake ilitoka ng'ambo ya bahari, na serikali yetu ndiyo iliyoipa kazi ya kujenga daraja. Alivua viatu polepole, akavipanga, akavielekeza mlangoni ili visimsumbue mtu, nami nikampenda kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, kaa. Nani kakufundisha kuamkia vizuri hivyo?"

"Bwana Hamduni," alisema. Bwana Hamduni ndiye aliyekuwa mkuu wa Idara, bosi wa Mwanaidi. "Amenifundisha mambo mengi ya kwenu. Ameniambia pia kuhusu sahani."

Akaweka mbele yangu sahani ya bati, imefunikwa kawa. Nikainua kawa. Harufu ya tende.

Kwetu, ambaye hajui na ajue, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea futari, sahani yake utaikosha, utaikausha, na utaitafutia kitu cha kuweka ndani kabla haijarudi, hata kama ni ndimu tu, hata kama ni chumvi. Hakuna aliyewahi kutuandikia sheria hiyo. Tumeikuta kwa mama zetu, kama tulivyokuta kufagia uwanja kabla jua halijapanda. Na ni jambo zuri. Nimeishi ndani yake na limenilisha. Kuna miezi ambayo mtaa mzima uliishi kwa sahani zinazozunguka, na huwezi kusema nani alikuwa akimlisha nani.

Basi tende zake nilizirudishia visheti. Visheti vyangu akavirudishia kanga. Kanga nikairudishia achari ya embe. Kila alipokuja alikuwa na uso mwingine. Mara sauti ilitoka juu, mara ilitoka chini, mara alikohoa kama mzee, mara alicheka kama kijana. Nilidhani ni macho yangu, lakini hata Mwanaidi aliniambia, "Bibi, leo si yule wa juzi." Kampuni ilikuwa inawabadilisha, au wenyewe walikuwa wanabadilika njiani. Adabu ilikuwa ileile. Viatu vilipangwa vilevile. Nikaona uso ni jambo dogo.

Halafu ikaja sahani yenye jicho.

Nilipoinua kawa hapakuwa na harufu yoyote. Palikuwa na karatasi ya hospitali ya ng'ambo. Mgeni akasema, "Bibi, mama yangu alikuwa na macho kama yako. Naomba nikusaidie." Sauti yake ilikatika kidogo aliposema mama, na sauti haikatiki kwa kuigiza, au mimi sijui kutofautisha. Nikasafiri. Safari ya ng'ambo haikuwa ndefu kuliko kumeza maji. Nakumbuka baridi, shuka lenye harufu ya sabuni, na muuguzi ambaye kila alipotaka kunitia dawa ya matone aliisugua kwanza chupa katikati ya viganja vyake ili dawa isiniguse ikiwa ya baridi. Hakuna aliyemwagiza afanye vile. Sikujua lugha yake wala yeye yangu. Nilimshika kidole.

Walipoondoa pamba nilimwona Mwanaidi. Niliyekuwa nikimkumbuka alikuwa msichana mwenye magoti ya vumbi. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwanamke, na kwenye paji la uso wake palikuwa na mkunjo uleule wa baba yake, marehemu mwanangu. Nikalia kwa jicho moja. La pili, la kushoto, lilikuwa bado na mtoto wake.

"Jicho la pili daktari anasema lipumzike kwanza," Mgeni alisema kwa upole. "Tutalishughulikia daraja likishafunguliwa."

Nikaitikia. Niliona ni mpango mzuri.

*

Nikaanza kuuona mji. Mtu aliyerudishiwa jicho hatazami vitu, anavila. Nilitazama kuta, kamba za nguo, mikia ya paka. Jirani yangu Bi Siajabu alikuja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Haya shoga, umeona sasa. Niambie kweli. Nimezeeka?"

"Umezeeka vizuri."

"Mwongo wewe! Bora ulipokuwa huoni, ulikuwa ukinisifu."

"Nilikuwa nakusifu kwa sauti yako. Sauti haijazeeka."

"Basi rudisha hilo jicho, tuendelee na sauti." Akacheka, akaketi, akanyoosha miguu. Kisha akanionyesha paa lake. Mabati mapya, yanang'aa kama samaki. "Mgeni huyo huyo. Alituletea karatasi ya mabati ndani ya sahani. Mvua ikinyesha sasa nalala."

"Na sahani mlirudishia nini?"

Bi Siajabu akaufikiria mguu wake. "Alirudisha mume wangu. Kwenye ile ofisi yake ya kupokea saruji. Aliondoka na sahani chini ya kwapa, akarudi mikono mitupu. Sikuuliza, shoga. Ukilala pakavu huulizi."

Nikamtazama. Alikuwa mtu mwema, ni mtu mwema hadi leo. Nilipokuwa sioni, yeye ndiye aliyekuwa akinitolea mawe kwenye njia ya kwenda chooni, akidhani sijui. Na mumewe pia si mtu mbaya. Nikatembea mtaani nikatazama nyumba nyingine, na katika kila nyumba palikuwa na kitu kipya ambacho jicho langu lilikijua bila kujua limekionea wapi. Nondo za dirisha la mwalimu. Ngazi ya nyumba ya karani. Sakafu ya Bwana Hamduni, laini, ya kijivu, na nyumba yake ng'ambo ya bahari ambayo hatukuiona lakini tuliisikia ikikua, usiku na mchana, kama mimba. Nikatembea hadi jua likawa utosini. Daraja nililiona kila mahali, isipokuwa mtoni.

Mtoni palikuwa na kitu chenye umbo la daraja. Kilikuwa kizuri. Kimepakwa rangi.

*

Mwanaidi alirudi siku hiyo mchana, saa ambayo si ya kurudi, akakaa kwenye mkeka bila kugusa chakula.

"Kula, mwanangu, wali unapoa."

"Bibi, nguzo hazifiki kwenye mwamba."

Nikaweka kijiko chini.

"Chini ya mto kuna mwamba," akasema, na alisema polepole, kama nilivyokuwa nikimfundisha kufunga viatu. "Kwenye mkataba, nguzo zishuke mpaka ziukanyage. Kila nguzo ina bomba ndani. Nimeteremsha kamba yenye chuma kizito mwishoni, ikasimama mapema. Nikadhani nimekosea. Nikaenda nguzo nyingine. Nyingine. Zote, Bibi. Zimeishia kwenye matope."

Nikaona mtoto aliyekalishwa kwenye kiti kirefu cha wakubwa, kavalishwa nguo za sikukuu, kachanwa nywele, miguu yake inaning'inia na haijui sakafu iko wapi. Hivyo ndivyo nilivyoliona daraja. Nikalionea huruma. Halikuomba kuzaliwa hivyo.

"Wengine wanasemaje?"

"Wengine wote wametia saini. Nimebaki mimi. Bila saini yangu haliwezi kupokelewa."

"Usipotia?"

"Bwana Hamduni atanihamisha, labda atanifukuza. Hilo naliweza." Akachukua punje moja ya wali akaigeuza kwenye vidole. "Ila kuna jicho lako."

"Mgeni kakwambia hivyo?"

"Hajaniambia kitu. Angeniambia ningegombana naye. Leo kanisindikiza mpaka getini, kanishikia mwavuli, kaniuliza, 'Bibi anaendeleaje na lile jicho? Anaona vizuri?' Basi. Akaniaga."

Kuku akapita mlangoni, akatutazama, akaghairi.

"Sahani yake iko kabatini," Mwanaidi akasema. "Kila siku naiona. Tutaweka nini ndani yake, Bibi? Unarudishiaje jicho?"

Nilimwambia ale, naye akala kwa sababu mimi nimesema, na machozi yake yakadondokea kwenye mchuzi, akayala hayo pia.

*

Nilipobaki peke yangu nilizungumza, sijui na nani. Labda na sahani.

Ulinipa jicho. Sikuliiba. Nililipokea, nikashukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli, sitaifanya uongo leo kwa sababu imenigharimu.

Ulinipa kwa upendo? Sauti ilikatika uliposema mama.

Ulinipa kwa hesabu? La pili ulilibakiza.

Labda vyote. Labda mtu anaweza kuwa na mama kweli, na akamtumia mama yake kama ndoano, na akalia kweli akiitumbukiza.

Muuguzi aliyepasha dawa viganjani hakuwa akisubiri kitu kutoka kwangu. Mgeni alikuwa akisubiri. Lakini mwanga ulioingia ni mmoja. Jicho halijui limefunguliwa na nani. Linaona tu. Linamwona Mwanaidi, linaona mkunjo wa paji, linaona nguzo.

Nani alipokea sahani ile? Mkono gani? Si wa Mwanaidi. Ulikuwa huu, wenye mshipa huu. Basi kwa nini anayetakiwa kurudisha ni yeye?

Na kitakachowekwa ndani ya sahani, ni lazima kiwe cha kwako. Huendi kuchuma ndimu kwenye uwanja wa mtu ukarudishia sahani ya mtu mwingine. Hata mtoto anajua.

Ng'ambo ya mto sijui mtu hata mmoja. Wote ni vivuli vyenye beseni kichwani. Hawakupata tende. Hawakupata bati. Hakuna aliyewapelekea sahani, kwa sababu hawana cha kurudisha ambacho mtu anakitaka. Uzito wao tu. Watatuletea uzito wao, siku ya kufunguliwa, wote kwa pamoja.

Nikaloweka mchele.

*

Vitumbua nilivipika mwenyewe. Nilisaga mchele, nikatia hiliki, nikasubiri uumuke, nikaumimina kwenye chuma kimoja kimoja nikisikiliza mafuta. Kwa jicho langu moja niliweza kuona kingo zinapogeuka rangi, na nikamshukuru tena Mgeni moyoni kwa hilo, kwani zamani nilikuwa naviunguza. Kisha nikamtuma mtu amwite.

Alikuja na uso wa kijana. Shati lake lilikuwa safi lakini ukosi ulikuwa umechakaa kwa ndani, pale ambapo mke au mama huona kwanza. Akavua viatu. Akaamkia. Nikamwekea sahani yake mbele, imefunikwa kawa ileile aliyokuja nayo.

"Fungua, mwanangu."

Akafungua. Mvuke ukampanda usoni. Akatabasamu, kisha akatazama chini ya vitumbua, akiinua kimoja kwa kidole, kama mtu anayetafuta kitu kingine.

"Ni hivyo tu," nikamwambia. "Hiyo ni ya jicho."

"Bibi." Alikuwa anacheka bado. "Vitumbua kwa jicho?"

"Nimetafuta nyumba nzima. Hicho ndicho nilichonacho kilicho changu. Mchele wangu, mkono wangu. Daraja si langu nikuwekee kwenye sahani. Wala si la Mwanaidi. Kula, kisha uniambie kama sukari imezidi."

Akala kimoja. Alikula polepole, na uso wake ukabadilika mara nyingi akiwa anatafuna; nikaona sura za wale wote waliowahi kuja zikipita, mzee mwenye kikohozi, mrefu, mfupi, na mmoja mdogo sana aliyekuwa na njaa.

"Bibi, nisipotoa mimi, atatoa mwingine," akasema. "Ng'ambo kwetu kuna watu wengi kama mimi, na kwenu kuna milango mingi. Kazi hii tuliipata kwa sahani. Kila mlango ulitaka yake. Mwishoni, pesa ya kufika kwenye mwamba ilikuwa imekwisha njiani. Hakuna aliyekaa akasema tujenge daraja bovu. Naapa. Hakuna aliyesema."

"Nakuamini."

"Basi?"

"Basi watu watapita juu yake, mwanangu."

Akatazama mikono yake. "Na jicho la pili?"

Nataka kusema kwamba nilijibu upesi. Sikujibu upesi. Nilitazama mlango, nikaona jua kwenye kizingiti, jinsi lilivyokuwa nusu ndani nusu nje, nikawaza namna lingeonekana kwa macho mawili. Watu wanasema kwa macho mawili unajua kitu kiko mbali kiasi gani. Kwa moja unakisia.

"Liache na mtoto wake," nikasema. "Wamezoeana."

Akainuka. Mlangoni alivaa viatu, akasimama na sahani mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau kilichotakiwa. "Nitawaambia nini wakubwa wangu?"

"Waambie ni vitamu."

*

Mwanaidi hakutia saini. Alimwambia Bwana Hamduni ana kwa ana, asubuhi, wakiwa wamesimama, na Bwana Hamduni hakupiga kelele. Alimvutia kiti.

"Mwanaidi, binti yangu. Turubai limekwisha kukodiwa. Ng'ombe wamechinjwa. Kwaya wamefanya mazoezi mpaka wamepoteza sauti. Unataka niwaambie nini? Kwamba kamba yako imesimama?"

"Waambie nguzo zimesimama kwenye matope, mzee."

"Nchi nzima imesimama kwenye matope, mama. Mbona tunaishi?"

Akampa likizo isiyo na mwisho. Nafasi ya saini yake ilibaki nyeupe, na sherehe ikaendelea, kwa kuwa katika mji wetu kufungua na kumaliza ni mambo mawili yasiyojuana. Asubuhi ya siku hiyo tulikwenda, mimi na yeye, tukakaa nyuma ya turubai kwenye viti vya plastiki. Palikuwa na upepo mzuri. Kwaya iliimba. Bwana Hamduni akakata utepe kwa mkasi uliofungwa ua, watu wakapiga makofi, matarumbeta yakalia, halafu yakanyamaza.

Hakuna aliyekwenda.

Bwana Hamduni alisimama kwenye ukingo wa daraja na kiatu chake cheusi, akamtazama karani. Karani akamtazama mwalimu. Mume wa Bi Siajabu akawa anafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mgeni alikuwa kando ya gari lake, na siku hiyo hakuwa na uso wowote, palikuwa na adabu tu. Kila mtu wa upande wetu alikuwa amepokea kitu kidogo, bati, nondo, karo, kitanda, na kila mmoja alijua kipande kimoja tu cha kinachokosekana, lakini wakisimama pamoja walikuwa wanajua chote. Niliwaonea huruma. Hakuna mwovu mmoja ambaye ningeweza kumwonyesha kwa kidole. Kulikuwa na watu waliokula kwa heshima.

"Wazee kwanza," Bwana Hamduni akasema, akicheka, jasho likimtoka. "Kwa heshima. Wazee kwanza."

Ndipo Mwanaidi aliponishika bega. "Bibi, tazama ng'ambo."

Upande wa pili hawakuwa wakimsubiri mtu. Waliposikia tarumbeta walijua limefunguliwa. Walikuwa wamekwisha kuanza kuja, wengi, wanawake wenye mabeseni, mwanamume mwenye baiskeli iliyofungwa kitanda, watoto wa sare wakikimbia mbele, na walikuwa wakipiga vigelegele. Daraja likaguna. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

Mwanaidi akapaza sauti, lakini matarumbeta yalikuwa yameanza tena, Bwana Hamduni aliyaashiria yaanze. Akataka kukimbilia darajani. Nikamshika mkono.

"Wewe watakuona mtu wa ofisi. Hawatakusikiliza. Acha niende mimi, mwili wangu ni mwepesi."

"Bibi!"

"Kaa hapa uwashike hawa wa kwetu wasije nyuma yangu."

Nikavua kandambili, nikaingia. Sikukimbia, sina miguu hiyo. Nilitembea kama ninavyotembea chumbani wakati mtoto amelala na nimesahau kitu kabatini. Chini ya unyayo wangu nilihisi daraja likitetemeka, halikuwa na hasira, lilikuwa linajitahidi. Nikaliambia, pole, jikaze kidogo. Nilipita katikati nikawa karibu zaidi na kwao kuliko kwetu ndipo tulipokutana. Nilinyoosha mikono yote miwili, na watoto, waliozoea mikono ya bibi, wakasimama.

Mwanamke wa mbele alikuwa na mtoto mgongoni na beseni la nyanya. "Bibi, umekuja kutupokea?"

"Nimekuja kuwarudisha, mwanangu. Taratibu. Miguu ya daraja hili haijafika chini."

"Mbona wamelifungua?"

"Wamelifungua hivyohivyo."

Mwenye baiskeli akasogea mbele. "Siku zote tunazunguka kivukoni, wagonjwa wanatufia foleni, leo limefunguliwa mnatutumia bibi kizee atuzuie! Ninyi wa upande ule mnajua kula peke yenu."

"Tumekula, kweli," nikamwambia. "Tumekula mpaka likaisha. Hili jicho nililetewa kwenye sahani ili mjukuu wangu alipokee daraja. Sogea ulitazame, nimelipwa kwa hilo. Nina faida gani kuja kukwambia urudi?"

Akasogea. Alilitazama jicho langu kutoka karibu, kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama ndani ya kisima, na mimi nikamwona akijiona humo, mdogo, kasimama juu ya kitu chembamba na kitanda chake. Daraja likaguna tena. Akaiegemeza baiskeli ubavuni, akainama, akavua viatu. Akavifunga kwenye usukani.

Wengine wakamwona, nao wakavua. Hakuna aliyewaamuru. Mabeseni yakashikwa kwa mikono miwili. Mama mmoja akawaambia watoto wa shule, "Kama mnapita chumba cha mgonjwa," nao wakaanza kurudi kwa vidole, mmoja mmoja, wakishikana mashati, na vigelegele vikawa pumzi tu. Kwetu ni mbali, kwao ni karibu, basi na mimi nikaenda nao. Nyuma yangu tarumbeta lilikuwa likiendelea kulia peke yake.

Upande wangu wa kushoto ndio wa giza, na ndio uliokuwa wa maji. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikipapasa kwa unyayo tu nisiukaribie ukingo. Mwanamke wa nyanya alinitazama mara moja, akaona kichwa changu kinavyogeuka. Akaliweka beseni lake chini darajani, akaliacha pale na nyanya zake zote, akazunguka nyuma yangu, akaja kutembea kwangu kushoto. Hakunishika. Alikuwepo tu, kati yangu na maji, na mtoto mgongoni mwake alikuwa akipumua.

Tukaendelea hivyo mpaka chini ya nyayo zangu nikahisi udongo.